NHL na Miji Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Timu za Hoki na Kumbi Zao

Naishi Winnipeg, Kanada, na kila mgeni kutoka nyumbani ninayempeleka kutazama hoki huniuliza yaleyale. Anakaa kitini, anatazama barafu, anawatazama watu karibu 15,000 waliojazana ndani ilhali nje ni nyuzi 25 chini ya sifuri, kisha anageuka: kwa nini timu iko hapa na si kule? Nani aliamua? Nimeyakusanya maswali hayo hapa pamoja na majibu yake. Karibu yote yanahusu NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, kwa sababu huko ndiko miji hupewa timu na kunyang'anywa mchana kweupe.

## Mambo ya msingi

NHL ni nini, na ina timu ngapi?

Ni ligi iliyoanzishwa Montreal mwezi Novemba 1917. Leo ina timu 32: 25 ziko Marekani na 7 ziko Kanada (Montreal, Toronto, Ottawa, Winnipeg, Calgary, Edmonton na Vancouver). Kuanzia 1942 hadi 1967 zilikuwa sita tu, katika Montreal, Toronto, Boston, New York, Detroit na Chicago. Mwaka 1967 ligi iliongeza timu sita kwa mpigo, na tangu hapo mjadala wa nani apewe timu haujawahi kunyamaza.

Timu inawezaje kuhama mji? Kwetu Yanga haiwezi kulala Dar es Salaam ikaamka Mwanza.

Kwa sababu timu ya NHL haina wanachama. Ina mwenye mali, mtu au kampuni, na anachomiliki hasa ni nafasi ndani ya ligi. Nafasi hiyo anaweza kuiuza, na ligi ikiridhia, anaweza kuihamisha. Msomaji wa Tanzania ameliona jambo la namna hiyo kwa macho yake: Ihefu ya Mbarali ilihamia Singida na kuwa Singida Black Stars mwaka 2024.

Tofauti kubwa ni kwamba NHL haina kupanda wala kushuka daraja. Mji wenye watu milioni mbili na mapenzi makubwa ya hoki hauwezi kuanzisha klabu, ikashinda ligi za chini, ikapanda. Milango ni miwili tu: kupewa timu mpya, au kuchukua ya mji mwingine. Uchungu wote utakaousoma kwenye majibu yanayofuata umetoka hapo.

Nani mwenye uamuzi wa mwisho?

Wamiliki wenyewe, wakiwa baraza ambamo kila timu ina kura yake. Kamishna, Gary Bettman, aliyeshika nafasi hiyo tangu Februari 1993, ndiye anayepima waombaji na kupeleka mapendekezo, na sauti yake ni nzito. Meya, gavana na mashabiki hawana kura. Wanachoweza kukubali au kukataa ni fedha za umma kwa ajili ya ukumbi, na mara kadhaa hilo limetosha kuamua kila kitu (tazama maswali ya Arizona na ya fedha za umma).

Mji mpya hulipa kiasi gani ili uingie?

Anayelipa ni mmiliki, si mji. Mwaka 1967 ada ilikuwa dola milioni 2. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa milioni 50, kufikia 2000 ikawa milioni 80. Las Vegas iliyoanza kucheza 2017 ililipa milioni 500, na Seattle iliyoanza 2021 ikalipa milioni 650.

Fedha hizo hugawanywa kwa wamiliki waliopo, na hazihesabiwi kwenye fungu la mapato wanalogawana na wachezaji. Ndiyo maana mmiliki mwenye hesabu zake anapenda kuona mji mzuri ukibaki wazi, ukisubiri kulipa ada, kuliko kuona timu dhaifu ikihamia huko.

## Mji unavyopimwa

Mji unahitaji nini hasa ili upewe timu?

Watu hudhani jibu ni mashabiki. Mashabiki ni lazima, lakini wanakuja nafasi ya tatu. Kwanza anatafutwa mmiliki mwenye mtaji wa kuvumilia hasara ya miaka kadhaa. Pili ukumbi, tena ukumbi ambao mmiliki huyo ana mamlaka juu yake: maegesho, vyakula, matangazo ukutani, vyumba vya wageni wa heshima, matamasha ya muziki siku ambazo hakuna mechi. Mmiliki wa timu aliye mpangaji tu, anayelipa pango huku mapato ya maegesho yakienda kwa mwenye nyumba, ana mguu mmoja nje. Ukisoma historia ya timu zilizohama, utamkuta mpangaji huyo karibu kila ukurasa.

Ndipo wanakuja mashabiki, na hupimwa kwa fedha waliyotanguliza. Kwa miaka mingi timu imecheza mechi 41 nyumbani kila msimu wa kawaida, na mapato ya mlangoni yana uzito kwenye hoki kuliko kwenye michezo inayobebwa na televisheni. Kwa hiyo ligi hutaka kuona tiketi za msimu zimeagizwa kabla timu haijawa na jina. Winnipeg mwaka 2011 iliwekewa lengo la tiketi 13,000, zikaisha. Seattle ilipofungua dirisha la amana Machi 2018, watu 10,000 walilipa ndani ya dakika 12.

Mwisho hupimwa ukubwa wa soko la televisheni na umbali kutoka timu jirani.

Je, si lazima mji uwe na baridi?

Hapana. Tampa imetwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa NHL, mwaka 2004, 2020 na 2021. Las Vegas, iliyoko jangwani, ilichukua 2023. Timu ya Florida, inayocheza kando ya mbuga za maji za Everglades, ilichukua 2024 na 2025.

Barafu hutengenezwa ndani, juu ya sakafu ya zege iliyolazwa mabomba ya maji ya chumvi yaliyopozwa. Maji humwagwa tabaka baada ya tabaka, jembamba mno, hadi barafu ifikie unene wa sentimita 3 hivi. Rangi nyeupe na mistari hupakwa katikati ya tabaka hizo, kwa hiyo unachokiona chini ya miguu ya wachezaji kiko ndani ya barafu. Adui wa mafundi si jua, ni unyevunyevu. Milango ya ukumbi ikifunguliwa na watu maelfu wakaingia na hewa ya pwani, barafu hulainika na ukungu huweza kutanda, na ndiyo sababu kumbi za Florida hutegemea sana mitambo ya kukausha hewa.

Anayetilia shaka aende Nairobi. Barabara ya Mombasa, ndani ya hoteli ya Panari, kuna barafu tangu 2005, na hapo ndipo Ice Lions, timu ya Kenya, ilipojifunzia. Mwaka 2018 vijana hao walipelekwa Kanada wakacheza kwa mara ya kwanza dhidi ya timu nyingine, na upande wao wakaongezewa nyota wa NHL Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Digrii moja na kidogo kusini mwa Ikweta, barafu ipo na wachezaji wapo.

Kama kusini kunafaa, kwa nini Atlanta ilipoteza timu mara mbili?

Flames waliondoka kwenda Calgary mwaka 1980, na Thrashers wakaondoka kuja Winnipeg 2011. Wengi husema "watu wa kusini hawapendi hoki." Siafiki. Thrashers walikuwa mikononi mwa kundi la wamiliki lililoshtakiana mahakamani kwa miaka, na kundi hilohilo lilikuwa na timu ya mpira wa kikapu pamoja na ukumbi. Lilipouza hoki, lilibaki na vingine. Tena timu ilicheza katikati ya mji huku wanunuzi wengi wa tiketi wakiishi vitongoji vya kaskazini, na msongamano wa barabara za Atlanta jioni ya siku ya kazi unajulikana. Ndiyo maana wanaotaka kuirudisha hoki Atlanta sasa wanazungumzia kujenga huko kaskazini.

Kwa nini mji wa Quebec hauna timu, na ukumbi mpya upo?

Hili ndilo swali linaloniuma zaidi, na nitalijibu kwa urefu.

Quebec ilikuwa na Nordiques, walioingia NHL mwaka 1979. Katika miaka ya 1990 dola ya Kanada ilishuka. Wachezaji wanalipwa kwa dola za Marekani, tiketi zinauzwa kwa dola za Kanada. Piga hesabu: kila mwaka mshahara uleule unakula fungu kubwa zaidi la mapato, hata kama ukumbi umejaa. Ukumbi wenyewe, Colisée, ulikuwa wa mwaka 1949, hauna vyumba vya kutosha vya kuuzia makampuni. Mmiliki akaomba msaada wa serikali na ukumbi mpya, hakupata alichotaka, akauza. Mei 1995 timu ilinunuliwa kwa dola milioni 75 ikapelekwa Denver. Juni 1996, mwaka mmoja tu baadaye, timu ile ikachukua Kombe la Stanley. Fikiria kuwa shabiki wa Quebec usiku ule.

Winnipeg tulipata pigo hilohilo. Mwaka 1995 watu walichangishana barabarani, watoto walileta vibubu vyao, na bado timu yetu, Jets, iliondoka 1996 kwenda Phoenix, Arizona.

Kilichobadilisha mambo ni msimu wa 2004–05 uliofutwa wote kwa mgogoro wa mishahara. Ligi iliporudi 2005 ilikuja na kikomo cha mishahara, dola milioni 39 kwa timu, na mji mdogo ukaweza tena kushindana. Winnipeg, yenye watu kama 800,000, tayari ilikuwa na ukumbi uliofunguliwa 2004 na wamiliki wenye uwezo wanaoumiliki ukumbi huo. Atlanta ilipoyumba 2011, sisi tulikuwa na kila kitu mkononi.

Quebec ikafuata njia hiyo. Kwa fedha za mji na za serikali ya jimbo ilijengwa Centre Vidéotron, viti zaidi ya 18,000, ikafunguliwa Septemba 2015. Kampuni ya Quebecor ikaomba timu mpya. Juni 2016 ligi ikaipa Las Vegas na kuahirisha ombi la Quebec. Sababu zilizotolewa ni kushuka tena kwa dola ya Kanada na kwamba timu za upande wa mashariki zilishakuwa nyingi kuliko za magharibi. Ukumbi upo hadi leo, na NHL haijarudi. Kansas City ilifanya vivyo hivyo, ikafungua ukumbi 2007 bila timu. Ukumbi ni sharti la kupata timu, lakini peke yake hauilazimishi ligi kufanya lolote.

Na Hamilton? Iko katikati ya watu wanaokufa kwa hoki.

Hapo tatizo ni majirani. Kila timu ina eneo lake la ulinzi, maili 50 (kilomita 80) kutoka mpaka wa mji wake, na Hamilton imebanwa kati ya Toronto na Buffalo. Mji ulijenga ukumbi mkubwa mwaka 1985 ukisubiri. Mwaka 2009 tajiri Jim Balsillie alijaribu kuinunua timu ya Phoenix kupitia mahakama ya ufilisi ili aihamishie Hamilton. Jaji alimkatalia: ufilisi haukumpa mtu haki ya kukwepa kanuni za ligi kuhusu mahali timu inapochezea.

## Ukumbi ujengwe wapi

Katikati ya mji au pembezoni?

Katikati, na nalisema bila kusita, ingawa Atlanta hapo juu inaonyesha kwamba "katikati" maana yake ni pale watu wanapoweza kufika saa moja jioni siku ya Jumanne.

Mfano wa kujifunzia ni Ottawa. Ukumbi ulifunguliwa Januari 1996 huko Kanata, zaidi ya kilomita 20 magharibi mwa mji, kwenye ardhi iliyokuwa mashamba. Serikali ya jimbo haikutaka kugharimia makutano ya barabara kuu, ikabidi timu yenyewe iyalipie. Mwaka 2003 timu ikafilisika, madeni ya ukumbi yakiwa sehemu kubwa ya mzigo. Niliwahi kwenda mechi huko Februari. Filimbi ya mwisho ililia, na kilichofuata ni safu za taa nyekundu za magari zisizosogea, watu wamekaa ndani na injini zinanguruma, vioo vimeganda. Hakuna mkahawa wa kusubiria, hakuna pa kutembea. Ndiyo maana mwaka 2024 timu ilifikia makubaliano ya kununua ardhi LeBreton Flats, karibu na kitovu cha mji na penye treni.

Linganisha na hapa Winnipeg. Ukumbi umesimama palipokuwa na duka kubwa la Eaton's, na majengo ya katikati ya mji yameunganishwa kwa vijia vya juu vyenye kuta na paa. Mtu anatoka ofisini, anakula, anaingia mechini bila kuvaa koti. Edmonton (2016) na Detroit (2017) nazo zilirudisha au kusogeza kumbi zao mjini.

Mbona wasitumie tu ukumbi wa mpira wa kikapu?

Wanaweza, ila viti vinaleta shida. Uwanja wa hoki una takriban mita 61 kwa 26, wa kikapu mita 29 kwa 15. Ukumbi uliobuniwa kwa ajili ya kikapu una viti vilivyosogezwa karibu na uwanja mdogo. Ukiweka barafu, viti vya chini vinaondolewa, na walioko juu nyuma ya goli wanabaki hawalioni goli lililo chini yao.

Phoenix ilihamia ukumbi wa aina hiyo mwaka 1996, ikawa na maelfu ya viti visivyoona uwanja wote. Islanders wa New York waliingia Brooklyn 2015 na kukuta ubao wa matokeo hauko katikati ya barafu. Walipata makao yanayowafaa Novemba 2021, ukumbi wa UBS huko Belmont Park wenye stesheni yake ya treni. Salt Lake City, Utah, nayo ilianza 2024 kwa viti takriban 11,000 vyenye mwonekano kamili, ndipo ukarabati ukafuata.

Ukumbi uliojengwa kwa hoki, ukapokea kikapu, hauna tatizo kubwa: mafundi hufunika barafu kwa mbao za kuzuia joto usiku mmoja, na sakafu ya kikapu hutandazwa juu.

Je, fedha za umma zitumike?

Wachumi wengi waliolichunguza suala hili wanasema ukumbi haurudishi kwa mji kile mji ulichotoa, kwa sababu fedha inayotumika mechini ingetumika kwenye sinema au mikahawa ya mji uleule. Naafikiana nao. Mji ukiamua kulipa, ulipe kwa kuwa watu wake wanaitaka timu, na wapewe kura.

Wapiga kura wakiulizwa, mara nyingi hukataa. Columbus walikataa 1997, kampuni ya Nationwide ikajenga kwa fedha binafsi, na mtaa mzima ukachipuka palipokuwa na gereza la zamani. Nassau, New York, walikataa hatifungani za dola milioni 400 Agosti 2011. Seattle ilipata njia nzuri zaidi: wawekezaji binafsi waligharimia ukarabati, paa la maonyesho ya dunia ya 1962 likaachwa palepale likining'inia huku ukumbi mpya ukichimbwa chini yake.

Kuna pia mchezo wa kutishia kuondoka. Desemba 2023 mmiliki wa timu ya Washington alitangaza mpango wa kuhamia Alexandria, Virginia, ng'ambo ya mto. Machi 2024 mpango ukaanguka kwa wabunge wa Virginia, na mji wa Washington ukaweka mezani dola milioni 515 za kukarabati ukumbi uliopo.

## Kwa waliokwisha zama

Arizona ilikuwaje? Miaka 28 kisha ikatoweka?

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Ndiyo timu ile ya Phoenix, iliyoanza kwenye ukumbi wa kikapu (tazama juu). Mwaka 2003 ikahamia ukumbi mzuri wa hoki, lakini huko Glendale, magharibi kabisa, ilhali wanunuzi wengi wa tiketi walikuwa mashariki, upande wa Scottsdale. Kosa hilo la ramani halikurekebishika. Mwaka 2009 ikafilisika, ligi yenyewe ikainunua na kuiendesha hadi 2013, na Glendale ikalipa dola milioni 25 kwa mwaka, miaka miwili, ili isiondoke. Baadaye mji ulichoka, na mwaka 2021 ukatangaza kutoongeza mkataba wa pango.

Timu ya ligi kuu ikaenda kucheza kwenye ukumbi wa chuo kikuu huko Tempe, watu wapatao 4,600 tu. Mpango ulikuwa kusubiri hapo hadi wajengewe ukumbi Tempe, juu ya jalala la zamani. Tarehe 16 Mei 2023 wakazi walipiga kura, mapendekezo yote matatu yakaanguka. Mechi ya mwisho ilichezwa 17 Aprili 2024, Arizona wakaifunga Edmonton 5–2, na mashabiki hawakutaka kutoka. Kesho yake uuzaji kwa Ryan Smith wa Utah, dola bilioni 1.2, ukaidhinishwa.

Timu ikihama, historia inakwenda na nani?

Kwa kawaida inakwenda na timu. Rekodi za Jets wa zamani zilihamia Arizona, na Jets wa sasa kisheria ni mwendelezo wa Atlanta. Utah ni tofauti: ilichukua wachezaji lakini ikahesabiwa timu mpya, na historia ya Arizona ikaachwa imelala.

Mji uliopoteza timu huweza kuipata tena?

Ndiyo. Minnesota ilipoteza 1993 ikapata 2000. Denver ilipoteza 1982 ikapata 1995. Winnipeg ilingoja miaka 15. Hartford, iliyopoteza 1997, na Quebec bado zinangoja.

Nitajuaje kama timu ya mji wangu iko hatarini?

Usitazame msimamo wa ligi. Tafuta mkataba wa ukumbi uone unaisha mwaka gani, nani anaweka mfukoni fedha za maegesho na matamasha, na ukumbi una umri gani. Calgary ilikuwa na Saddledome, ukumbi wa 1983, na mazungumzo yaliyovunjika zaidi ya mara moja. Siku niliyoacha kuwahofia ni Julai 2024, mashine zilipoanza kuchimba msingi wa ukumbi mpya, Scotia Place, ng'ambo tu ya ule wa zamani, kwa lengo la kufunguliwa 2027.